Kelele Ndani ya Mtungi

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita nilipogundua kwamba sijui kupiga kelele. Kugomba najua, mume wangu ni shahidi. Kubishana na mwenye ngamia kuhusu maziwa yaliyotiwa maji, mpaka aape kwamba hataniuzia tena, hilo nalo naliweza, na kesho yake ananiuzia. Lakini kelele tupu, ile inayomtoka mtu kabla hajachagua maneno, sikuwa nayo kabisa. Niligundua hivyo alfajiri moja kando ya laga, ule mto wetu ambao karibu mwaka mzima huwa ni mchanga tu.

Mimi huuza maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Maziwa huingia mjini mapema, baada tu ya swala ya alfajiri, kwa pikipiki zinazotoka upande wa Burat na Ngaremara, na anayetaka maziwa mazuri lazima awepo yanaposhushwa, ayanuse, ayaonje, akatae yasiyofaa. Kwa hiyo hutoka nyumbani na mitungi yangu miwili mitupu, nikafuata njia ya mkato kando ya laga, mitungi ikigongana kwa kila hatua. Siku hiyo mwanamume mmoja alitoka kwenye kichaka cha mathenge, ule mti wa miiba, akaja moja kwa moja mbele yangu. Nikamsalimu, salaam aleikum. Akaitikia vizuri tu, kisha akanishika kifundo cha mkono, akaingiza mkono wake wa pili ndani ya mkoba wangu na kutoa simu.

"Nachukua simu, mama," akaniambia.

Nami nikamjibu, "Haya."

Haya! Aliondoka akitembea, hata hakukimbia. Nilibaki nimesimama pale na mitungi yangu, na kitu kilichonisumbua tangu dakika ile hakikuwa simu. Nilitaka kujua sauti yangu ilikuwa imekwenda wapi. Nilijua ninayo, nilikuwa nimeitumia jioni iliyotangulia kumkemea mbuzi wa jirani. Sasa ilikuwa imeondoka bila kuniaga na kuniachia neno moja la adabu.

Mume wangu hakuliona jambo hilo kama fumbo. Yeye ni mtu wa lori. Hupeleka mizigo Oldonyiro na kurudi na mbuzi siku za soko, na njiani amekutana na mengi asiyoyasimulia. Alisema niache kutembea, maziwa yaletwe nyumbani na mwenye pikipiki. Tulijaribu kwa mwezi mmoja. Nikawa naletewa maziwa ambayo wanawake wengine walikwisha yakataa, mengine yananuka plastiki ya jerikeni, na wateja wangu wa miaka wakaanza kunirudishia chupa wakiwa wamenuna. Nikamwambia kama hali ni hiyo, afadhali niuze makaa.

"Sawa, mama watoto," akasema. "Tembea. Lakini ukishtuka tena, hata mara moja tu, hiyo mitungi inakaa ndani ya nyumba. Mimi siwezi kuishi hivi."

Nilikubali kwa hasira, na wala sikufikiri ni nini hasa alichosema hawezi kuishi nacho.

Wiki hiyohiyo nikasikia pale panaposhushwa maziwa kwamba kuna mafunzo ya kujikinga kwa akina mama, kila Jumamosi alasiri, katika darasa la chekechea. Mwalimu alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, Mmeru, aliyewahi kuwa askari katika kambi ya upande wa Burat. Siku hizi anachomelea milango ya vyuma, na karate alianza kujifunza tangu akiwa shuleni. Nilikwenda. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano, wengi wetu wa maziwa, kukiwa na Waturkana wachache wauza makaa. Viti vilikuwa vya watoto wa miaka minne, na ukutani kulikuwa na picha ya kuku na ya nanasi. Mwalimu alisimama chini ya nanasi, akanyoosha mkono wake na kusema, "Njoo mmoja anishike, niwaonyeshe vile mtu anatoka."

Hakuna aliyekwenda. Mkono ukabaki hewani. Wengi wetu ni Waislamu, na mwanamume asiye ndugu yako humshiki mkono, hata kwa salamu. Mwalimu, ambaye ameishi Isiolo miaka yote hiyo na anajua mambo hayo kuliko mimi, alikuwa amepanga somo lote akasahau jambo hilo moja. Niliona masikio yake yakiiva kwa aibu.

Aliyemwokoa ni bibi mmoja Mborana tuliyemwita akko, yaani nyanya. Alikuwa mdogo wa mwili, mkavu, na maisha yake yote hadi alipofiwa na mumewe aliyaishi na mifugo. Aliinuka, akafunga shuka lake vizuri kiunoni.

"Wewe ni kama mtoto yangu ya nne," akamwambia mwalimu. "Leta hiyo mkono."

Akamshika. Mwalimu akaeleza kwamba nguvu ya mtu anapokushika iko kwenye vidole vinne, lakini kidole gumba kiko peke yake, na hapo ndipo mlango. Usivute kwa nguvu kurudi nyuma. Zungusha mkono wako uelekee kwenye gumba lake, kisha utoke kwa ghafla. Akazungusha, akajaribu kutoka. Hakutoka. Akajaribu tena. Akko alikuwa akimtazama usoni bila chuki, jinsi mtu anavyomtazama mbuzi anayemkamua.

"Akko, unashika aje?" akauliza mwalimu, na mimi nikampenda hapohapo, kwa sababu aliuliza akitaka kujua kwelikweli.

"Ngamia akitaka kuenda, wewe hungoji atoke. Unaenda na yeye kidogo," akasema akko.

Kila mkono wa mwalimu ulipozunguka, mkono wa akko ulizunguka nao. Walikaa wakijaribiana karibu nusu saa, huku sisi tukishikana wawili wawili na kucheka. Nilijifunza kutoka. Nilijifunza pia kusukuma kwa kiganja, kutokea begani, kuelekea puani. Mambo hayo yalinishangaza kwa urahisi wake. Mwili wangu, ambao nilidhani umekwisha kuwa wa kukalia kiti na kupima maziwa, ulikuwa bado unapokea.

Mwisho wa somo nilibaki nyuma nikamuuliza mwalimu swali langu. Mtu akikushika, sauti huenda wapi?

Hakunicheka. Aliketi kwenye kiti kimoja cha watoto, magoti yakamfika kifuani. Akasema siku yake ya kwanza kusikia risasi za kweli akiwa kurutu, mkubwa wake alimuuliza jina, akashindwa kulitaja. "Baadaye ndio nilijua sikuwa napumua. Sauti ni pumzi, mama. Ukifunga pumzi, umefunga na sauti. Haijaenda mahali, iko hapo ndani imefungiwa."

Basi nikaanza kujichunguza. Nilianza kuhesabu ni mara ngapi kwa siku naziba pumzi bila kujua, nikashtuka. Pikipiki ikipiga honi, naziba. Mwanamume nisiyemjua akisimama mlangoni kwa maziwa, naziba. Mume wangu akiniita kutoka chumba kingine, hata huyo ambaye sijawahi kumwogopa, naziba kidogo kabla ya kuitika. Nikakumbuka mama yangu. Sisi ni kizazi cha askari. Babu wa baba yangu alivuka bahari akaja kupigana vita vya Waingereza, akabaki. Nyumbani kwetu wavulana walipiga kelele watakavyo, lakini msichana akicheka kwa nguvu mama aliinua kidole kimoja tu, na kicheko kikarudi kilikotoka. Simlaumu. Nadhani naye aliinuliwa kidole. Ila nilistaajabu kwamba kidole kile kilikuwa bado kinafanya kazi miaka arobaini baadaye, mwenyewe akiwa kaburini.

Jumamosi ya tatu mwalimu alisema leo ni sauti. Alikuwa amesoma kwamba mtu akipiga kelele ya "nisaidie" watu huogopa kujiingiza, kwa hiyo tuseme "moto". Tukasema "moto". Wanawake kumi na watano tulisema "moto" kama watu wanaoomba kaa la kuwashia jiko kwa jirani.

"Wewe nawe, mwalimu," akasema akko. Wakati huo akko alikuwa amemwangusha, maana mwalimu alikuwa akimtumia kutuonyesha jinsi mkono ukipindwa mtu mzima hulala mwenyewe, na sasa mwalimu alikuwa kifudifudi sakafuni, akko amemkalia mgongoni. "Ukisema moto, watu itakuja na ndoo ya maji. Mimi nataka waje na rungu."

"Sasa wewe ungesema nini?" akauliza mwalimu kutoka sakafuni.

"Sisemi kitu. Fisi akiingia kwa boma, unamwambia nini?"

Akavuta pumzi, niliiona ikishuka hadi tumboni, kisha akaita. Sitaweza kuiandika sauti ile. Ilianzia chini, ikapanda, ikakatika ghafla juu kabisa, ikaanza tena kabla sikio halijapumzika. Sote tulizaliwa katika nchi ya mifugo na tumesikia habari zake, lakini kuisikia ndani ya darasa lenye paa la mabati ni jambo jingine. Ilinipita kifuani. Akaita mara tatu, akanyamaza, akafuta midomo.

Ndipo tukasikia miguu.

Mlango ulifunguliwa kwa teke. Wa kwanza kuingia alikuwa mume wangu, ameshika spana ya magurudumu. Nyuma yake waliingia watu wa kibanda cha chai cha upande wa pili wa barabara, na wachungaji wawili wenye rungu waliokuwa wakipita. Walimkuta mwanamume yuko chini na bibi kizee amemkalia mgongoni, wakaelewa walivyoelewa. Rungu moja lilikwisha inuliwa.

"Ni mwalimu!" wanawake wakapiga kelele, wakajitupa katikati. "Ni mwalimu! Tunasoma!"

Mimi nilikuwa nikipunga mikono tu. Sauti haikutoka, hata hapo. Niliona aibu kuliko siku ya simu.

Mwalimu aliinuka, akajipangusa vumbi, akawashukuru wale watu mmoja mmoja kwa kuja haraka. Kisha akatoa daftari lake na kumwomba akko afanye tena, polepole, bila sauti, aone tumbo linavyofanya. Neno "moto" alilikata kwa kalamu mbele yetu. Mume wangu alisema alikuwa anapita. Nilimtania njiani kwamba kwa mtu mwenye kitambi kile anajua kukimbia. Gereji alikosema lori lake linatengenezwa iko mwisho mwingine wa mji, lakini sikulifikiria. Lori hilo lilikuwa bovu tangu siku zilezile nilipoanza kutembea tena. Leo gia, kesho breki. Nilishamwambia alizike.

Nikaanza kufanya mazoezi. Tatizo lilikuwa mahali. Nyumba zetu zimegusana. Nikiita fisi jikoni, mtaa mzima utaingia na rungu. Nikafikiri, nikachukua mtungi mmoja wa maziwa, nikaubandika mdomo wake usoni mwangu, nikaita humo ndani. Mitungi yetu huoshwa kisha hufukizwa moshi wa vijiti ili maziwa yapate harufu nzuri, kwa hiyo pumzi ya kwanza niliyoivuta ilikuwa ya moshi, nikakohoa hadi machozi. Sikuacha. Kila alasiri, baada ya kuuza, nilikuwa na miadi na mtungi. Mwanzoni kilitoka kitu kama mtu anayesafisha koo. Wiki ya pili mume wangu aliuliza kutoka ukumbini, "Mama watoto, kuna ndama humo jikoni?" Nikamwambia aendelee na lori lake.

Na kila asubuhi nilitembea. Niliogopa, sitasema uongo, lakini niliogopa huku nikipumua, na hilo nililiona kuwa hatua. Kisha mwalimu akatufundisha kusikiliza. Akasema mtu anayetaka kukushika kwanza lazima afike, na kufika kuna sauti yake. Nikatambua kwamba mimi sisikii kitu njiani kwa sababu ya mitungi yangu inayogongana. Kesho yake nikachukua leso ya zamani, nikaisokomeza katikati ya mitungi na kuifunga, nikatoka kimya.

Kando ya laga nikasikia hatua nyuma yangu.

Zilisimama kidogo, kama za mtu anayesikiliza. Kisha zikawa za haraka, zikaja karibu kuliko nilivyotarajia. Mwanga ulikuwa ndio kwanza unafika. Nikaweka mitungi chini na kugeuka. Mwanamume, amejifunika shuka kichwani kwa baridi, mkono umenyooshwa. Nikasikia pumzi yangu ikitaka kuzibika, nikaikataza. Ikashuka. Ikafika tumboni.

Nikaita.

Wallahi sikuijua sauti ile kama ni yangu. Ndege waliruka kutoka kwenye mathenge. Yule mtu akaja mbio akanishika kifundo cha mkono akisema "Nyamaza, nyamaza!", na mkono wangu ukazunguka wenyewe kuelekea kwenye gumba, ukatoka, na kiganja cha pili kikaenda puani kutoka begani. Akaketi mchangani. Shuka likaanguka, nikamwona mume wangu, damu inamchuruzika hadi kwenye ndevu.

Watu walikwisha fika. Walitoka kwenye nyumba za ng'ambo, wengine na rungu, mmoja na mwiko wa ugali, akko akiwa nyuma yao anachechemea, maana naye hukaa upande ule. Nikasimama mbele ya mume wangu na kusema kwa nguvu, bila kutafuta sauti, "Ni mzee wangu! Mwacheni!"

Mwenye mwiko akainama, akamtazama vizuri. "Kumbe fisi ni wewe?" akamuuliza.

Nilicheka hadi nikaketi mchangani kando yake. Yeye hakucheka. Nilimfuta pua kwa ile leso, na watu walipoanza kuondoka akaniambia yote. Amekuwa akinifuata kila asubuhi tangu siku ya kwanza, mbali kidogo, akijua nilipo kwa mlio wa mitungi. Siku za Jumamosi alikaa kwenye kibanda cha chai mkabala na darasa. Leo hakuusikia mlio. Akadhani nimeanguka, au nimeshikwa, akakimbia.

"Na lori?" nikauliza.

"Lori iko sawa," akasema, akitazama mchanga. "Iko sawa siku zote."

Hasira ilinipanda, ikashuka, ikapanda tena. Nilikuwa nimetembea wiki zote zile nikijihesabia ushujaa, kumbe nilikuwa na mlinzi. Nikamwambia hivyo, na nikamkumbusha sharti lake: nimeshtuka. Je, mitungi inakaa ndani?

Alishika pua yake. "Sijui kama ni wewe ulishtuka," akasema.

Alibeba mitungi mpaka panaposhushwa maziwa, nikaonja, nikakataa ya kwanza na kuchukua ya pili, na wanawake wote wakaiangalia pua yake bila kuuliza.

Siku iliyotangulia soko la Oldonyiro alipakia lori. Gia zilikuwa nzima, breki nzima. Nilikuwa jikoni naosha mitungi alipokuja akasimama mlangoni, funguo mkononi, haendi. Nikamwambia nitatembea kesho, na sitaweka leso katikati.

"Najua," akasema. "Lakini mimi nikiwa huko Oldonyiro, hiyo mlio sitaisikia. Nitafanya nini?"

Nikampa mtungi. Nilidhani nafanya mzaha, na yeye alidhani hivyo pia, kwa sababu alitabasamu. Lakini aliupokea, akauinua, akaubandika usoni. Nikangoja. Mabega yake yakapanda, yakabaki juu. Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, mtu ambaye sauti yake mbuzi wa sokoni wanaijua, na jikoni kukawa kimya.

Akashusha mtungi. Macho yalikuwa mekundu, nadhani ni moshi, sina hakika.

"Haitoki," akasema.

Nilikausha mkono wangu kwenye dera, nikauweka juu ya tumbo lake. "Anzia hapa," nikamwambia.